Kazi ya Mwenzako ni Amana

Juma hili tumeona vema tuitazame historia ya studio moja ya filamu za katuni mjini Brussels, nchini Ubelgiji. Huenda wengine wakashangaa kwamba tumeacha mambo mazito na kushika mambo ya watoto. Tunawaomba watuvumilie, kwa maana ndani ya historia hiyo limo swali linalomgusa kila aliyewahi kukabidhiwa kazi ya mtu mwingine: je, anayepewa kazi ya mwenzake aitumie, amepewa pia ruhusa ya kuigeuza apendavyo?

Studio hiyo ni Belvision. Mwanzilishi wake, Raymond Leblanc, alikuwa miongoni mwa Wabelgiji waliowapinga Wajerumani kwa siri wakati nchi yao ilipokaliwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vita vilipokwisha, mchoraji Georges Remi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Hergé, alijikuta amezuiwa kufanya kazi magazetini, kwa sababu alikuwa amechora katika gazeti lililotoka chini ya usimamizi wa Wajerumani hao. Leblanc, ambaye uzalendo wake haukutiliwa shaka, alimpa mkono, na mwezi Septemba 1946 likatoka toleo la kwanza la jarida la watoto lililobeba jina la Tintin, yule kijana mwandishi wa habari mwenye mbwa mweupe. Jarida lilistawi, na katika miaka ya 1950 Leblanc akaanzisha Belvision ili michoro ile iliyotulia kitabuni ipate kutembea na kusema.

Kazi hiyo si nyepesi. Katika sinema, picha 24 hupita mbele ya macho yetu kila sekunde. Hata mchoro mmoja ukitumika kwa picha mbili mfululizo, dakika moja tu hudai michoro 720. Siku zile kila mchoro ulinakiliwa juu ya karatasi angavu ya plastiki, ukapakwa rangi kwa mkono, ukalazwa juu ya picha ya mandhari, kisha ukapigwa picha peke yake. Kitabu chaweza kutoka katika mikono ya watu wawili, bali filamu yahitaji mikono mingi, fedha nyingi na muda mrefu. Hapo ndipo kishawishi huingia: kupunguza hapa, kurahisisha pale, mpaka mwenye kazi asiitambue kazi yake. Kuanzia mwaka 1957 Belvision ilitengeneza visa vya Tintin kwa ajili ya televisheni. Watoto wengi walivifurahia, lakini waliovijua vitabu waliona jinsi hadithi zilivyofupishwa na matukio kupangwa upya.

Jaribu kubwa lilikuja na Asterix, yule Mgali mfupi mwenye akili nyingi. Waasisi wake walikuwa Wafaransa wawili, mwandishi René Goscinny na mchoraji Albert Uderzo. Mchapishaji wao, Dargaud, aliafikiana na Belvision kutengeneza filamu ya kitabu cha kwanza, na kazi ikaendelea bila wenyewe kujua. Walipoonyeshwa, ilikuwa imekwisha kukamilika. Haikuwapendeza. Hata hivyo ilitoka mwaka 1967, na watu wakaingia kuitazama. Filamu ya pili, ya kisa cha mundu wa dhahabu, ilikuwa tayari inatengenezwa. Hiyo wakaikataa kabisa, na haikupata kuonyeshwa.

Tuitafakari hasara hiyo kwa pande zote mbili. Waasisi wawili walikuwa wametendewa kana kwamba hawapo. Na wale wachoraji wa Brussels, waliokesha juu ya meza zao bila kosa lolote, waliona jasho lao likitupwa. Hata tukidhani kwamba kila hati ilikuwa na sahihi yake, sahihi haiwezi kushika mahali pa mazungumzo. Neno moja lililosemwa mapema lingewaokoa wote.

La kutia moyo ni kwamba uhusiano haukuvunjika. Goscinny na Uderzo walikubali kurudi, safari hii wakishika wenyewe uongozi, na mwaka 1968 ikatoka filamu ya Asterix na Kleopatra, yenye nyimbo na vichekesho ambavyo hata leo vinapendwa. Studio ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba mwenye kazi aliketi mezani. Ikafuata filamu ya Lucky Luke mwaka 1971, Goscinny akishiriki, na katikati ya miaka hiyo ya 1970 ile ya Smurfs, ambayo muasisi wao Peyo aliisimamia mwenyewe. Lakini imani iliyojeruhiwa hupona polepole. Mwaka 1974 Goscinny na Uderzo, pamoja na Dargaud, walianzisha studio yao mjini Paris. Goscinny alifariki mwaka 1977, akiwa na miaka 51, na studio hiyo haikudumu baada yake.

Lipo jambo moja zaidi ambalo sisi wasomaji wa Afrika hatuwezi kulinyamazia. Tintin alizaliwa mwaka 1929 katika gazeti la Kikatoliki la Brussels, lililoongozwa na padre, na safari yake ya pili ilikuwa Kongo. Humo Wakongo walichorwa kwa dharau, kama watoto wasiojua kufikiri. Hergé alipokichora upya kitabu hicho mwaka 1946, aliliondoa somo ambamo Tintin aliwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji, akaweka somo la hesabu mahali pake. Dharau katika michoro ikabaki. Belvision haikukigusa kisa hicho. Twajifunza kwamba amana haimfungi anayepokea kazi peke yake. Humfunga kwanza muasisi, kwa maana sura za watu anaowachora si mali yake.

Basi, wapendwa, nasi hukabidhiwa kazi za wenzetu. Mwalimu wa kwaya hupewa wimbo uliotungwa na mwingine, katibu hupewa maneno ya kikao ayaandike, mfasiri hupewa kitabu, fundi hupewa nyumba iliyoanzwa na fundi mwingine. Kubadilisha kidogo hakuepukiki, maana picha ya kitabuni haitembei bila kuguswa. Lakini kabla ya kubadilisha, tumwendee mwenye kazi tungali na nafasi ya kumsikiliza. Na akiwa amekwisha kututangulia, tuitendee kazi yake kama ambavyo tungependa yetu itendewe sisi tutakapokuwa hatupo.