Dungu la Hewani, Shamba la Gelderland

Huku Uholanzi kuna mashamba zaidi ya elfu moja yanayopokea watu wa kuangaliwa mchana: mzee aliyeanza kusahau, kijana mwenye ulemavu wa akili, mama aliyelemewa na sonona. Gari linawaleta asubuhi. Wanalisha mbuzi, wanaokota mayai, wanaingia msituni na mwenye shamba kukusanya kuni, na chakula cha mchana wanakula pamoja naye. Mkulima hulipwa kwa kazi hiyo, na tangu 2015 jukumu la wengi wao limebebwa na halmashauri za miji.

Nimejitolea katika shamba moja kama hilo, jimbo la Gelderland, na mawazo yangu yalikuwa Hewani, kwetu Kenya, upande wa Garsen. Shamba la familia yetu limekaa kama mengi ya Wapokomo wa delta: migomba na miembe kwenye ukingo wa mto Tana, mpunga bondeni nyuma yake, na msitu wenye mizinga ya nyuki. Mpunga ukianza kukomaa, lazima mtu apande dunguni alfajiri kuamia ndege. Kwetu kazi hiyo ni ya binamu yangu, ambaye hakuweza kujifunza kusoma wala kuhesabu pesa. Yeye husikia kundi la kwelea likija kabla sisi hatujaliona. Mavuno yakifika, fungu lake linatengwa kama la mkulima yeyote. Kwa jirani zetu Waorma nimeona kijana wa hali kama yake akikabidhiwa ndama wanaobaki karibu na manyata, na akiheshimiwa kwa kazi hiyo.

Lakini msimu wa kuamia ni mfupi. Ukiisha, binamu yangu yumo mikononi mwa shangazi peke yake: kumwogesha, kumtafuta akipotelea msituni, kumzuia asiukaribie mto wenye mamba. Mpango wa serikali wa Inua Jamii unatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Hizo ni za unga na sabuni. Pumziko la mlezi halimo. Huku Uholanzi malipo ya mkulima yanamsaidia kijana aliyeletwa, na yanamsaidia pia mama yake aliyebaki nyumbani na mchana mzima wa kufanya yake. Hilo la pili ndilo linaloniuma nikilifikiria.

Tena shamba la Tana halina uhakika. Mwaka 2012 mapigano ya Wapokomo na Waorma yaliua watu zaidi ya mia moja, na mwishoni mwa 2023 mafuriko yalifukuza watu makwao. Mtu aliyezoea njia moja na dungu moja, ukimhamishia kambini unamvuruga kabisa.

Ningeiomba kaunti ya Tana River ianze na vikundi vya akina mama vilivyopo. Shamba dogo mahali palipoinuka, kuku, mbuzi, kitalu cha miembe, na kikundi kilipwe kwa kila anayepokelewa kila siku. Wazee wa Kipokomo na wa Kiorma wanaokaa pamoja kuamua njia za mifugo kwenda mtoni wakubaliane pia kwamba watoto wa pande zote mbili watapokelewa.

Nilimpigia shangazi simu nikamwuliza, kukiwa na siku moja tu ya pumziko kwa wiki, angechagua ipi. Akasema ile ya soko la Garsen, auze maembe mpaka yaishe.