Kumtafuta Rebmann Kwao Gerlingen

Mtoto wa Rabai hulijua jina la Rebmann kabla hajajua Ujerumani iko upande gani wa dunia. Nyumba aliyokaa mmisionari huyo ingalipo, karibu na kanisa la kale ambalo leo ni makumbusho, na kila mgeni anayepandishwa kilima kile husimuliwa yaleyale: kwamba Johannes Rebmann alifika pwani yetu mwaka 1846, kwamba tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, na kwamba mabingwa wa jiografia waliokuwa wamekaa London walimbishia kwa miaka. Hayo nimeyasikia tangu shule ya msingi. Ambalo sikuwahi kusimuliwa ni maana ya jina lake. Kwetu Wamijikenda jina la mtu lina mwenyewe. Mjukuu huitwa kwa babu yake, na ukilisikia jina unajua limetoka mlango gani. Kwa hiyo nilipopata mwaliko wa kwenda Stuttgart, safari yangu ya kwanza kutoka nje ya Afrika, nilijua kabisa nitakachokwenda kuuliza.

Nilifika Februari, wakati wa baridi kali. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha Kilifi ujanani mwake, alikuwa akinisubiri uwanja wa ndege na koti zito mkononi. "Karibu, Mwalimu. Pole na safari. Vaa hili kwanza, habari baadaye." Kiswahili chake bado kina ladha ya pwani. Tukapanda tramu ya U6 palepale uwanjani, na tramu hiyohiyo, bila kubadilisha, ikatupitisha katikati ya Stuttgart hadi mwisho wa njia, Gerlingen. Hapo ndipo Rebmann alipozaliwa, tarehe 16 Januari 1820. Na mwenyeji wangu, ambaye nilimwita Mama tangu siku ya kwanza, ana sababu yake ya kulijali swali langu: mama yake mzazi alizaliwa Rebmann.

Kesho yake asubuhi alinipeleka mlimani. Gerlingen si kijiji tena, ni mji mdogo unaokaribia kushikana na Stuttgart, lakini juu ya nyumba bado kuna vishamba vya mizabibu vilivyoelekezwa kwenye jua la kusini, na mwezi ule ni wa kupogoa. Tulimkuta mzee mmoja na mkasi wake, glavu zimekatwa ncha za vidole. Mzabibu uliomaliza msimu huwa umejaa fito za mwaka uliopita, nyembamba, za kahawia, zimetawanyika kila upande. Mzee alizitazama kwanza bila kugusa kitu, akachagua mbili za kuacha, nyingine zote akazikata na kuziangusha chini. Kisha akaishika moja ya zile alizoziacha, akaikunja polepole kwa vidole gumba viwili mpaka ikalia kidogo ndani bila kuvunjika, akaifunga kwenye waya ikakaa kama upinde.

"Hiyo ndiyo Rebe," Mama akaniambia. Ufito wa mzabibu, na hata mzabibu wenyewe, ni Rebe. Mann ni mtu. Rebmann basi ni mtu wa mizabibu, mkulima anayeishi kwa kupogoa, kupalilia na kuchuma zabibu. Lakini Mama hakuishia hapo. Alinitaka nimuulize yule mzee yeye ni nani kwa kazi yake. Nikauliza, Mama akatafsiri, na mzee akajibu kwa lahaja ya Waswabia kwamba yeye ni Wengerter.

Jibu hilo ndilo lililonifungulia safari nzima. Kazi ni moja, majina yake chungu nzima. Katika eneo la Württemberg mkulima wa zabibu huitwa Weingärtner, ambalo midomoni mwa watu limekuwa Wengerter. Ukivuka kwenda Franken utamsikia Häcker, mtu wa jembe, kwa kuwa anashinda akilima katikati ya mistari. Bavaria na Austria walikuwa na Weinzierl, lililotokana na Kilatini vinitor, na chimbuko hilohilo ndilo la Winzer, neno la vitabuni la siku hizi. Rebmann lilikuwa neno la watu wa kusini-magharibi: Rhine ya juu, Alsace, pembezoni mwa Ziwa Konstanz, na Uswisi. Mjini Basel hadi leo kipo chama cha kale cha Rebleute, wenye mizabibu. Maneno yote hayo yamegeuka majina ya ukoo, na kila moja bado linaelemea upande lilikozaliwa.

Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini jina Rebmann si la kila mahali, usitafute uchache wa kazi. Müller, msaga nafaka, ndilo jina la ukoo linaloongoza Ujerumani nzima, kwa kuwa kila kijiji kilihitaji kinu na neno la kumtaja mwenye kinu lilikuwa karibu moja kote. Wakulima wa zabibu nao walikuwa maelfu kwa maelfu. Lakini kila bonde liliwaita kwa neno lake, na uwingi wao ukagawanyika katika majina mengi, kila jina likapata fungu dogo. Mjini Mainz kuna wataalamu ambao tangu 2012 wanaandaa kamusi kubwa ya majina ya ukoo ya Ujerumani, iliyo wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na kwenye ramani zake unaweza kuona mambo haya kwa macho: jina moja limetanda nchi nzima, jingine limejibanza katika wilaya mbili tatu. Nilikaa na ramani hizo usiku mpaka Mama akaja kunizimia taa.

Majina haya si ya zama za kale sana. Kabla ya karne ya 12 Mjerumani wa kawaida alikuwa na jina moja tu, likamtosha. Miji ilipokua, akina Johannes na Heinrich wakazidi, na karani wa kodi akawa hajui nani amelipa na nani bado. Ndipo alipoanza kuongeza: Johannes wa kinuni, Johannes mwekundu, Johannes wa kutoka Ulm. Mwanzoni nyongeza hizo zilikufa na mtu wake. Kufikia karne ya 16 zilikuwa zimeganda katika sehemu kubwa ya nchi, mtoto wa Rebmann akaitwa Rebmann hata kama yeye ni fundi cherehani. Mwaka 1558 Württemberg iliamuru makanisa yaandike ubatizo na ndoa zote, na vitabu hivyo ndivyo vinavyowawezesha watu wa huko kurudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Kasisi aliandika alivyosikia, n moja leo, n mbili kesho.

Kisha vikaja Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648. Württemberg iliumia vibaya mno. Majeshi yalipita na kurudi, njaa na tauni zikafuata, na zaidi ya nusu ya watu wakatoweka. Koo zilifutika pamoja na majina yao. Kulipotulia, Waswisi wengi walihamia mashamba yaliyobaki bila wenyewe, wakaja na majina yao kutoka milimani. Mtu akikwambia jina fulani ni adimu leo, huenda nyuma yake kuna kijiji kilichozikwa chote katika miaka ile.

Nilichofurahia kuliko vyote mjini ni kengele za milangoni. Nyumba za ghorofa za huko mara nyingi hazina namba za vyumba. Kuna safu ya vibonyezo, na kando ya kila kimoja limeandikwa jina la ukoo. Mleta barua anafuata jina. Nilitembea mtaa baada ya mtaa nikisoma: Schmid wa kusini, asiye na t mwishoni, Häberle na Eisele wenye ile -le ya Waswabia ya kudogosha na kuenzi, Yılmaz na Marković, majina ya watu waliokuja kufanya kazi viwandani na watoto wao wakazaliwa hapo. Nilisimama mbele ya ubao mmoja muda mrefu kiasi kwamba mama wa ghorofa ya kwanza alifungua dirisha kuniuliza namtafuta nani.

Huwezi kumtaja Rebmann ukamwacha Johann Ludwig Krapf, aliyemtangulia Mombasa mwaka 1844. Naye ni wa eneo hilohilo, alizaliwa 1810 Derendingen, ambayo sasa ni sehemu ya Tübingen. Maana ya jina lake niliipata kwenye duka la mikate. Februari ni msimu wa shamrashamra kabla ya Kwaresima, na madirisha ya maduka hayo hujaa maandazi ya mviringo, yamekaangwa, yamenyunyiziwa sukari, tumboni yana jamu. Mama alinunua mawili. Lile langu lilinirudisha Mombasa kwenye mahamri ya asubuhi, ila hiliki tu ndiyo iliyokosekana. Andazi hilo katika sehemu kubwa ya kusini ni Krapfen. Zamani krapfe ilikuwa ndoano, na mikate ya kukaangwa iliyopindwa kama ndoano ikachukua jina hilo. Aliyeipika na kuiuza aliweza kuitwa Krapf, na watoto wake baada yake. Nilipoligundua hilo nilifurahi kwa dhati: mwandishi wa kamusi kubwa ya kwanza ya Kiswahili kuchapishwa, iliyotoka London 1882, huenda ni mtu wa ukoo wa wapika maandazi.

Wote wawili walikufa Korntal, kitongoji kilichoanzishwa 1819 na Wakristo wa uamsho, vituo vichache vya treni kutoka katikati ya Stuttgart. Rebmann alikufa tarehe 4 Oktoba 1876, Krapf tarehe 26 Novemba 1881, na wamelala katika makaburi ya kale ya hapo. Tulikwenda Jumapili mchana, njia imesafishwa theluji. Huko niliona desturi ambayo ningependa sisi tuwe nayo: kwenye mawe ya wanawake walioolewa, chini ya jina la mume, huandikwa "geb." na jina la kwao, yaani alizaliwa ukoo fulani. Mwanamke hapotezi alikotoka hata kaburini.

Wake watatu wa Krapf peke yao wanatosha kuwa darasa la majina ya Kijerumani. Wa kwanza, Rosine, alizaliwa Dietrich, jina la mtu binafsi la zama za wafalme wa kale lililogeuka la ukoo. Huyo ndiye aliyefia Mombasa Julai 1844 pamoja na kichanga chake, na kaburi lake liko Nyali. Wa pili, Charlotte, alizaliwa Pelargus, na jina hilo si la Kijerumani hata kidogo: ni Kigiriki cha korongo. Katika karne ya 15 na 16 wasomi walipenda kuvika majina yao joho la Kigiriki au Kilatini, na kwa njia hiyo Schwarzerd, udongo mweusi, akawa Philipp Melanchthon, aliyefundisha Tübingen kabla ya kwenda Wittenberg. Wa tatu alizaliwa Schmidt, mhunzi, jina ambalo utalikuta kila uendako.

Mbele ya jina la Rebmann nilisimama zaidi. Alikaa kwetu karibu miaka thelathini, akamzika mke wake huko, na aliporudi 1875 alikuwa kipofu, ameongozwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, ambaye kwake ile nayo ilikuwa safari ya kwanza Ulaya. Miaka mingi ya Rabai aliitumia kuandika maneno. Mtu mmoja aliyeuzwa utumwani kutoka Nyasa, Salimini, alikuwa akimtajia maneno ya kwao naye akiyaandika, na kamusi ya Kiniassa iliyotokana na kazi hiyo ilitoka 1877, Krapf akiwa ameisimamia baada ya mwenzake kufa. Salimini alikuwa amenyang'anywa nyumba, ukoo na nchi. Maneno ya bonde lake hakunyang'anywa, na kitabu kile ni chake sawa na kilivyo cha Rebmann. Nasema hivi kwa sababu Rabai tunawaonyesha wageni nyumba ya Rebmann na Salimini hatumtaji.

Usiku wa mwisho familia ya Mama ilikusanyika kula. Mjukuu wake wa kike anaolewa kiangazi, na mjadala wa mezani ulikuwa jina. Kwa miongo mingi sheria ya Ujerumani ilimpa mume nafasi ya kwanza: mwanzo jina lake lilikuwa lazima, na baadaye, wanandoa wasipokubaliana, ndilo lililoshika, mpaka mahakama ya katiba ilipolitengua hilo mwaka 1991. Majina mengi yaliyokuwa ya wachache yaliishia mikononi mwa mabinti kwa njia hiyo, na ndivyo Rebmann lilivyoishia katika nyumba hii, kwa mama yake Mama. Sheria mpya iliyoanza Mei 2025 inawaruhusu wote wawili kubeba majina yote mawili, na watoto wao vilevile. Lakini inaunganisha majina yanayobebwa leo. Rebmann, ambalo hakuna aliyebaki nalo mezani pale, hailifikii. Mjukuu alisema basi hili analobeba, la bibi yake, hataliacha, ataliunganisha na la mchumba wake. Babu alilalamika kwamba halitaenea kwenye kengele ya mlango. Mama akamjibu kwamba watanunua ubao mpana zaidi, akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, wengine wakisubiri atafsiri: "Na wewe, Mwalimu, mjukuu wako wa kwanza ataitwa nani?" Nikamwambia ataitwa mimi.