Umeme Haujui Digrii

Nawaandikia kutoka Leeds. Leo nina jambo la aibu la kuungama, nalo halihusu mapenzi wala mitihani.

Nina umri wa miaka 30, nasomea uzamivu katika uhandisi mitambo. Kwetu Morogoro wakisikia tu “injinia” wanakuletea redio mbovu uitazame. Sasa majira ya baridi yaliyopita, boila ya nyumba tuliyopanga ilikufa. Tuko wanne: mimi, Mganda mmoja, na akina dada wawili, mmoja wa Eldoret na mwingine wa Zanzibar. Tukampigia wakala wa nyumba, akasema atakuja wiki hii. Wiki ikapita, akasema tena wiki hii. Basi tukanunua hita mbili za umeme, tukazichomeka kwenye ekstensheni moja sebuleni, sote tukabanana humo kama dagaa.

Ikawa dada wa Eldoret akichomeka na pasi kwenye ekstensheni ile ile, baada ya muda fyuzi ya plagi inaungua. Mara ya kwanza nikanunua mpya. Mara ya pili ilikuwa usiku, maduka yamefungwa na baridi we acha tu. Nikaenda jikoni, nikakata kipande cha karatasi ya foili, ile ya kufungia kuku, nikaizungushia fyuzi iliyoungua. Umeme ukarudi. Wenzangu wakanipigia makofi: “Injinia!”

Jamani, hesabu yake naijua tangu sekondari. Hita mbili ni wati 4,000, pasi wati 2,400, jumla 6,400. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 28. Ekstensheni ya hapa Uingereza mwisho wake ni ampea 13, yaani wati 3,000 hivi. Fyuzi ilikuwa inafanya kazi yake: ife yenyewe kabla waya haujawaka. Mimi nikaipoka kazi hiyo kwa foili ya kuku.

Siku ya tatu dada wa Zanzibar akaniuliza, “Kaka, mbona pananuka mpira unaoungua?” Plagi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, soketi imeanza kuyeyuka. Nikakimbilia swichi kuu, nikakata umeme wa nyumba nzima. Usiku ule hatukulala vizuri. Kila mmoja alikuwa anawaza: ingekuwa tumelala je?

Mimi nilitaka kumwita jamaa mmoja anayefanya kazi bila risiti, mambo yaishe kimyakimya. Nilihofia wakala atatufukuza, na sisi ni wageni. Dada wa Eldoret akakataa katakata: “Hapana bwana, ufundi wa siri tumeshauona.” Akamwandikia wakala barua pepe, akaweka picha, akaeleza yote, hata foili. Tena akaomba nakala ya ripoti ya umeme. Kumbe hapa England, kwa kanuni za mwaka 2020, mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kukaguliwa nyaya na mtu mwenye sifa angalau kila miaka 5, na wapangaji wapewe nakala ya ripoti. Fundi alikuja kesho yake. Na boila nayo ikatengenezwa wiki ile ile! Kumbe ilikuwa inangoja barua tu.

Fundi alikuwa mzee wa makamo. Alituonyesha kitambulisho cha usajili kabla hatujamwomba. Wewe ukiita wako, uliza amesajiliwa wapi, kwa mfano NICEIC au NAPIT, halafu hakikisha jina lake limo kwenye orodha yao. Alikata umeme, kisha akapima kwa testa kwamba kweli umekatika, ndipo akagusa waya. Maswali yetu alituajibu kwa subira, na majibu yake nawapa bure:

Swichi ikijikata, usiirudishe mara tano tano. Chomoa vyote, irudishe, kisha chomeka kimoja kimoja. Kile kitakachoikata ndicho kibovu. Ikijikata hata bila kitu, kosa limo ukutani, mwite fundi.

Hita ichomekwe ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni.

Fyuzi ya ampea 13 si ya kila kitu. Taa ya mezani inatoshwa na ya ampea 3.

Mtaa mzima ukiwa giza, hilo si la fundi wako. Piga 105, ni bure.

Akiwa anafunga begi lake akaniuliza, “Na kwenu nyumba zina ethi?” Nikajibu haraka, zinayo. Lakini alipoondoka nikakumbuka shawa ya maji ya moto bafuni kwa mama. Ukigusa koki ikiwa imewashwa, inakupiga shoti kidogo. Na shawa ile nilimnunulia mimi, kwa mshahara wangu wa kwanza.

Nikapiga simu. “Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Ile shawa bado inapiga shoti?”

“Inatekenya kidogo tu baba, tumeshazoea. Hata mjukuu namvalisha ndala ndiyo namwogesha.”

Nilihisi baridi kuliko ile ya boila. Nikamwomba asiiwashe tena mpaka nimwambie. TANESCO kazi yao inaishia kwenye mita. Ndani ya nyumba ni juu yetu. Nikamtuma mdogo wangu atafute fundi mwenye leseni ya EWURA, na aione leseni kwa macho yake, asiambiwe “nimeisahau nyumbani.” Fundi aliyetufungia shawa ni jirani na mtu mwema sana, ila hakuwahi kupima ethi. Huyu mpya akapima, akakuta waya wake umekatika pale unapoingia ardhini, pengine tangu tulipojenga kibaraza. Kazi ya asubuhi moja.

Sasa koki haipigi mtu. Mama bado anaoga na ndala, anasema hao mafundi wa karatasi hawajui vizuri. Sawa, mwacheni.

Nanyi wenzangu, mkipiga simu nyumbani wiki hii, baada ya salamu ulizieni bafuni. Ni hayo tu kwa leo.