Mizani ya Picha

Picha iliyo ndani ya kompyuta haina urefu wala upana. Ina hesabu tu: vidoa vya rangi, viitwavyo pikseli, vilivyopangwa safu kwa safu. Vidoa hivyo havigeuki sentimita mpaka vifike kwenye karatasi, na hapo ndipo mtu aliyetaraji ukurasa wa kushika kwa mkono mmoja hupokea ukurasa mpana kama sahani. Lawama huiangukia printa. Nayo haina kosa. Imetii amri ambayo mwenye picha hakujua kwamba ameitoa.

Kwa wapenzi wa ushairi jambo hili si geni. Mshororo wa shairi una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Mghani mmoja huuvuta kwa pumzi ndefu, mwengine huupitisha kwa haraka, na mizani zikabaki zile zile. Hivyo ndivyo ilivyo picha: pikseli ni mizani, na ukubwa wa karatasi ni sauti inayozibeba. Lakini mtunzi aliyepungukiwa, akachomeka neno lisilo kazi ili mradi mizani zitimie, ametia kisichokuwamo.

Programu za kuhariri picha zina milango yote miwili, nayo imekaribiana mno. Katika GIMP, amri moja hubadili ukubwa wa kuchapa bila ya kugusa pikseli, na nyengine huzihesabu pikseli upya. Katika Photoshop milango hiyo imo ndani ya kidirisha kimoja, na kinachoitenga ni alama ndogo ya tiki. Tiki ikiwepo, programu huzua vidoa vipya au hufuta vya zamani. Ikiondolewa, vidoa ni vile vile. Kinachobadilika ni idadi inayoingia katika kila inchi.

Na tuchukue mfano wa ukurasa wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Miswada ya namna hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya SOAS, London, na mingine ingali masandukuni katika nyumba za mwambao, ambako mchwa na unyevu hawana subira. Mjukuu anataka kuchapa nakala ya chuo cha bibi yake, kwa ukubwa ule ule alioushika bibi. Upana wa ukurasa ni sentimita 15 na urefu wake 20. Picha yake ina pikseli 1,800 kwa 2,400. Programu inaifungua ikiwa na pikseli 72 kwa inchi, namba iliyozoeleka tangu kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 na kioo chake. Kwa hesabu hiyo ukurasa una upana wa inchi 25, yaani sentimita 63.5. Printa inaona karatasi ya A4, yenye milimita 210 kwa 297, inaukunja ukurasa mpaka uenee, na chuo cha bibi kinatoka na upana wa sentimita 20 hivi. Si ukubwa wa kwenye programu, wala si ukubwa wa bibi.

Dawa yake ni rula. Wapigapicha wa maktaba huilaza kando ya ukurasa kabla ya kupiga picha, ili kipimo kisafiri pamoja na maandishi. Ikiwa sentimita 10 za rula zimechukua pikseli 1,200, basi kila sentimita ina pikseli 120, na kila inchi, ambayo ni sentimita 2.54, ina 304.8. Namba hiyo ndiyo ya kuandikwa katika programu, tiki ikiwa imeondolewa. Kisha, wakati wa kuchapa, huchaguliwa ukubwa halisi, asilimia 100, wala si kuenea karatasi; na karatasi iliyotajwa iwe A4, kwani programu nyingi huja zimepangiwa karatasi ya Marekani, ambayo ni pana kidogo na fupi zaidi.

Atakayesema kwamba sentimita mbili tatu si hoja, na azitazame herufi. Katika hati za Kiarabu, *te* na *nuni* zikiwa mwanzoni au katikati ya neno hutengwa na nukta tu: mbili juu ya moja, moja juu ya nyengine. Picha iliyopunguzwa pikseli, kama zipunguzwavyo picha zinazotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, huweza kuziunganisha nukta mbili zikawa moja. Hapo *tia* husomeka *nia*, na msomaji akamtungia bibi beti ambayo bibi hakuitunga. Kuikuza tena picha hiyo hakurejeshi nukta, hukuza ukungu. Kwa hiyo faili hutumwa kama hati, si kama picha, na lile la asili huhifadhiwa bila ya kuguswa.

Ukurasa ukishachapwa, rula ya kweli huwekwa juu ya rula iliyochapwa. Mistari ikilingana kuanzia sifuri mpaka kumi, mwandiko ni wa bibi kwa unene wa kalamu yake na nafasi ya mkono wake. Isipolingana, hata kwa milimita tatu, karatasi hiyo isitiwe jalada.