Siku ya Baridi Kati ya Batamaji wa Slimbridge

Wahenga walinena: tembea uone. Kwa kuutii usemi huo, asubuhi moja ya mwezi Januari niliondoka mjini Bristol, magharibi ya Uingereza, kwenda kutazama ndege huko Slimbridge, kandokando ya Mto Severn. Wenyeji wangu walinicheka. Kwao mtu atokaye nchi za jua hana budi kukaa karibu na moto siku kama ile.

Treni ilinishusha katika kituo cha Cam and Dursley saa mbili, kiza hakijaondoka. Nikashika njia kwa miguu, nimevaa buti za mpira na makoti mawili. Umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi, ukivunjika chini ya nyayo kama kioo. Miti haikuwa na jani hata moja, hivyo ndege wadogo ambao wakati wa joto hujificha walionekana wazi katika matawi.

Hifadhi ya Slimbridge ilianzishwa mwaka 1946 na Peter Scott, mchoraji na mtaalamu wa ndege. Kila majira ya baridi hufika hapo batamaji wa Bewick, ndege mkubwa mweupe pe, mwenye shingo ndefu. Huyu huzaa katika nyanda za Aktiki nchini Urusi, kisha huruka zaidi ya kilomita 3,000 kuikimbia barafu. Mwaka 1964 Scott alianza kuwatambua mmoja mmoja kwa midomo yao, kwani kila mmoja ana mchanganyiko wake wa njano na nyeusi, mfano wa alama za vidole vya binadamu. Wakapewa majina, na marejeo yao yakaandikwa daftarini.

Nikaingia katika kibanda cha maficho chenye vidirisha vyembamba. Bata bukini walikuwapo kwa mamia, na sululu pia, ambao jamaa zao huikimbia baridi hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki. Lakini batamaji nilihesabu kumi na mmoja tu.

Mzee mmoja aliyeketi kando yangu alinikaribisha kwenye darubini yake.

“Yule wa mwisho, bwana, mwenye doa jeusi juu ya mdomo,” akasema. “Miaka sita alikuja na mwenzake. Safari hii yuko peke yake.”

Batamaji hawa wakioana huishi pamoja hadi mmoja afe. Nikanyamaza.

Mzee akanieleza kwamba baridi imepungua Ulaya, hivyo wengi hukomea Uholanzi na Ujerumani. Hata hivyo, hiyo si sababu pekee. Katika Ulaya ya kaskazini-magharibi walikadiriwa kuwa 29,000 mwaka 1995, na mwaka 2010 wakawa 18,000 tu. Wengine hugonga nyaya za umeme, wengine hupigwa risasi njiani ingawa sheria inakataza, na wengine hudhurika kwa kumeza chembe za risasi zilizosalia matopeni.

Saa kumi jioni jua lilikuwa linazama. Mtumishi wa hifadhi akapita na toroli akimwaga nafaka ziwani, na batamaji wakamsogelea wakilia kwa sauti nyororo, wawili wawili. Yule mwenye doa alikuja nyuma ya wote. Mzee akafungua daftari lake, akaandika tarehe, kisha akaandika jina moja mahali palipozoea majina mawili.

Nikarudi kituoni gizani. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, lakini sikujutia safari.