Debe Lisilo na Kitako

Nyuma ya nyumba yangu ya Nsemulwa, mjini Mpanda, kuna debe la bati limeegemezwa ukutani. Halina mfuniko, halina kitako, na kutu imelila pembeni. Lilikuwa la mama yangu. Niliwahi kulitupa, naye akalifuata jalalani akalirudisha, na ilinichukua miaka mingi kuelewa alifuata nini kule.

Nilizaliwa Makanyagio mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati Mpanda ikiishi kwa treni. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifika kwetu mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki, ikipita kilometa zaidi ya 200 za msitu wa miombo. Masika barabara ziligeuka tope, kwa hiyo sabuni, chumvi, mafuta na mabati tulivisubiri stesheni. Nilipoanza shule, katikati ya miaka ya themanini, bidhaa zilikuwa zimeadimika nchi nzima. Nakumbuka mama akifua sare yangu kwa majani ya mpapai: anayaponda, anayafikicha ndani ya karai mpaka maji yanakuwa ya kijani, kisha anatumbukiza shati. Katika mji wa namna hiyo, kitu kikishafika nyumbani hakitoki ovyo.

Debe lilikuja na mafuta ya kula. Mafuta yalipoisha ndipo kazi yake ikaanza. Fundi bati alilikata juu, akakunja kingo zisimkate mtu, akapachika kijiti cha kushikia katikati, likawa la kuchotea maji. Msimu wa mavuno lilipimia mahindi, maana huku mahindi huuzwa kwa debe hadi leo. Lilipotoboka, fundi alililehemu. Lilipotoboka tena, mama alilijaza udongo akapanda vitunguu. Na makopo madogo nayo yalikuwa na njia yao: kopo la maziwa lilikwenda kwa fundi yuleyule likarudi koroboi, na utambi wake ulichanwa kutoka kwenye fulana ya baba iliyochakaa. Nimesomea kwa mwanga wa kopo na fulana mpaka darasa la saba.

Khanga ndiyo iliyokuwa na maisha marefu kuliko vyote. Mama alipewa doti moja nilipozaliwa mimi. Kwanza aliivaa kanisani na misibani. Rangi ilipoanza kupauka ikawa ya jikoni na shambani. Ilipolainika vizuri ikawa mbeleko, akatubebea humo mimi na wadogo zangu wawili. Ilipochanika katikati ikakatwa nepi, vipande vilivyobaki vikashonwa mto, na kile cha mwisho kabisa kikawa dekio. Bibi, mzaa mama, Mpimbwe wa Usevya, alikuwa akilitazama dekio lile na kusema, "Akiba haiozi, mjukuu wangu. Hii ilikupokea wewe duniani, na bado inafanya kazi."

Hakuna aliyeyaita mambo hayo utunzaji wa mazingira. Yalikuwa matunzo ya nyumba. Maganda na majivu yalikwenda shimoni chini ya migomba, pumba kwa kuku, maji ya kuoshea mchele kwenye mchicha. Taka za wiki nzima za nyumba yetu zingeweza kuenea kwenye ungo mmoja.

Lakini nisiisifu zamani kupita kiasi. Babu, mzaa baba, alikuwa Mkonongo wa Inyonga na mrina asali hodari. Likizo moja ya masika alinichukua porini kutengeneza mzinga. Alichagua myombo ulionyooka, akauzungushia mkato juu na mkato chini, akapasua gome kwa urefu, kisha akalibandua taratibu kwa kijiti kilichochongwa, mpaka likatoka zima kama koti linalovuliwa. Akaliunganisha kwa vijiti na kamba za magome, akaziba ncha zake kwa nyasi, mzinga ukawa tayari. Nilifurahi sana. Nilipogeuka kuutazama mti, ulikuwa mweupe na umelowa, maji yanachuruzika. Nikauliza, "Babu, utaota gome jingine?" Akajibu, "Huu umekwisha, mjukuu wangu. Lakini pori ni kubwa."

Pori lilikuwa kubwa kweli, nasi tulifanya kila kitu kwa imani hiyo. Mafiga matatu yalikula kuni, na sehemu kubwa ya joto ikapotelea hewani. Mabani ya kukaushia tumbaku yalikula magogo kwa magogo. Tulitunza kopo kwa sababu lilitoka mbali, na hatukuutunza mti kwa sababu ulikuwa mlangoni. Hilo nimelitafakari sana: binadamu huheshimu kile anachoona kinaweza kuisha.

Kisha kukaja miaka ambayo hatukuona kitu chochote kinachoweza kuisha. Kuelekea mwaka 2000 na baada ya hapo, maduka yalijaa. Madumu ya njano yaliyaondoa madebe kisimani, sahani za plastiki zikaondoa za bati, na ikaja mifuko ya plastiki tuliyoiita rambo. Ukinunua nyanya za mia unapewa rambo, ukinunua chumvi unapewa rambo, na mtu akinunua dagaa, nyanya na chumvi anarudi na rambo tatu. Vikapu vilitundikwa ukutani vikaota vumbi. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nina nyumba yangu, na niliona fahari kwenda sokoni mikono mitupu na kurudi nimening'iniza mifuko.

Mji ukabadilika sura. Baada ya upepo wa Agosti, michongoma ya uani ilichanua mifuko ya bluu na myeusi. Masika mitaro iliziba, maji yakaingia majumbani. Mbuzi wa jirani yetu alivimba tumbo akafa, na alipopasuliwa alikutwa na bonge la mifuko iliyosokotana kama kamba. Jioni kila ua ulichoma taka zake, na ule moshi mzito wa plastiki tuliuvuta sisi na watoto wetu, tukidhani ndio usafi.

Ni katika miaka hiyo nilipofanya usafi mkubwa kwa mama na kulitupa debe. Lilikuwa halishiki udongo tena, kitako kimeng'oka chote. Nililipeleka jalalani pamoja na kikapu chake cha ukindu na blanketi lililotoboka. Jioni nilimkuta amerudi navyo vyote vitatu, amevipanga barazani, anavifuta. Nikamwambia, "Mama, hivi havina kazi." Hakunigombeza. Alisema tu, "Havina kazi, au wewe hujavitafutia kazi?"

Sikuwa na jibu, na sikulitafuta. Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa, ikitengwa kutoka Rukwa, na mji wetu ukawa makao makuu. Watu waliongezeka, nyumba ziliongezeka, na mkaa ulioingia mjini kwa baiskeli na pikipiki uliongezeka pia. Wauza mkaa walituambia kwamba wanakoutoa kila mwaka kunazidi kuwa mbali. Pori la babu lilikuwa linapungua kwa hesabu ya magunia.

Kwangu mimi mambo yaligeuka tarehe 1 Juni 2019, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza Tanzania Bara. Zanzibar, Rwanda na Kenya zilikwishatangulia. Faini ya kukutwa na mfuko ilianzia shilingi 30,000, na sokoni watu walizungumza habari hiyo tu. Asubuhi ile nilisimama jikoni nikiwa sina cha kubebea. Nikaenda kwa mama. Bila neno alikitungua kikapu cha ukindu, kilekile nilichokitupa, akanipa. Pale sokoni niliona wanawake wa rika la mama wakipita na vikapu vyao kama watu ambao hawajapatwa na jambo lolote. Akina mama wa Katumba waliouza maharage walipima na kumimina moja kwa moja kikapuni, nasi wa rika langu tulikuwa tunahangaika na vitambaa.

Sheria ilisafisha michongoma ndani ya muda mfupi, na hilo nitalishukuru daima. Ila haikuweza kuingia vichwani mwetu. Ile mifuko mbadala ya kitambaa tuliinunua upya kila safari na kuitupa kama rambo. Vifungashio vyepesi vya karanga na barafu vikaanza kubebea nyanya, mpaka baraza la taifa la mazingira, NEMC, likalazimika kukumbusha kwamba navyo havikuruhusiwa kutumika kama mifuko. Nikaelewa kwamba mfuko ulikuwa umeondoka, lakini mazoea ya kutupa yalikuwa bado nyumbani kwangu. Swali la mama likanirudia, na safari hii nilianza kulijibu, kitu kimoja kimoja.

Nilianza na blanketi. Nililikata, nikalipanga kwa matabaka ndani ya kikapu kikubwa, nikajazia mabaki ya khanga yaliyoshindiliwa ndani ya foronya, moja chini na moja juu. Hicho ndicho kikapu changu cha maharage. Usiku nayaloweka, asubuhi namwaga maji hayo, nayachemsha kwa maji mapya kama nusu saa, yatokote kwelikweli, kisha naipua sufuria ikiwa na mfuniko wake, naitumbukiza kikapuni na kuifunika. Hapo moto umezimwa. Nikirudi mchana yameiva, na yakiwa hayajalainika vya kutosha nayarudisha jikoni kidogo tu. Zamani maharage yalininyang'anya asubuhi nzima na mkaa wake. Nilibadilisha na jiko pia, nikanunua jiko banifu la udongo, na mitungi ya gesi ilipoanza kupatikana kwa urahisi nikaiweka kwa chai na mboga. Serikali imezindua mkakati wa mwaka 2024 wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Naombea ufike Katavi mapema, kwa sababu miti inayokatwa ni ya kwetu. Lakini kikapu cha maharage hakihitaji kusubiri mwaka wowote.

Maji nayo nayahesabu. Ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi uani. Kiangazi, Mto Katuma unapobaki vidimbwi na viboko wa Hifadhi ya Katavi wakasongamana kwenye tope wakisubiri mvua, siwezi kumwaga ndoo ya maji masafi kwenye mchicha nikajiona mtu mwema. Chupa nazo sizitupi; zenye mfuniko mzuri nawapa warina asali, baada ya kuziosha na kuzikausha. Baadhi ya vijana wa ukoo wa babu kule Inyonga bado wanarina, ila wengi wao sasa hutundika mizinga ya mbao, ubao uleule miaka na miaka, na myombo unabaki umevaa gome lake. Nikipokea asali yao, humkumbuka babu, naamini angefurahi.

Debe nililibakiza mwisho, maana sikuijua kazi yake. Ni mama aliyenionyesha, mwaka mmoja kabla hajafariki. Tulichukua kiroba kikubwa cha mchele kilichochanika mdomo. Akalisimamisha debe katikati ya kiroba, akalijaza kokoto, kisha tukajaza udongo na samadi pande zote. Udongo ulipofika karibu na mdomo wa debe, akalivuta juu taratibu. Kokoto zilibaki zimesimama kama nguzo, udongo ukazishika. Akalisimamisha tena juu ya nguzo ile, kokoto tena, udongo tena, mpaka kiroba kikajaa. Tukatoboa matundu ubavuni, tukapanda mchicha na sukumawiki juu na pembeni. Ukimwaga maji kwenye kokoto, yanashuka hadi chini na kuifikia mizizi yote. Debe lenye kitako lisingeweza kazi ile.

Sasa nina viroba sita ukutani. Jumamosi iliyopita binti yangu alitengeneza cha saba. Nilimwachia debe nikakaa barazani. Alijaza kokoto, akashindilia udongo kwa mikono, akalishika debe kingo zote mbili na kulivuta pole pole, akisikiliza kokoto zikitulia. Alipomaliza alilisuuza, akalifuta kwa kipande cha khanga, akaliegemeza pale pale ukutani. Sikumwambia alirudishe. Alijua mahali pake.