Likizo Kando ya Mto Sagana

Mtu atokaye Nairobi kwenda Nyeri, akiisha kupita Karatina, huanza kuona baridi ambayo watu wa mjini wameisahau. Mbele yake husimama Mlima Kenya, wenye urefu wa futi 17,057, na katika mabonde yake huteremka mito mingi ya maji baridi. Mmojawapo ni Sagana, ambao huko chini huwa Mto Tana. Kando yake ipo nyumba ya Sagana, ambamo Binti Elizabeth alipewa habari, mwezi wa Februari 1952, kwamba baba yake amefariki na kwamba yeye sasa ni Malkia.

Huko ndiko ilikokwenda familia moja wakati wa likizo ya Agosti: karani wa Nairobi, mkewe, watoto wao wawili, na babu yao waliyempitia nyumbani kwake karibu na Kiganjo. Walilipia leseni, wakaenda kuvua trauti.

Samaki huyu si mwenyeji. Mbegu yake ya kwanza ililetwa kutoka Scotland mwaka 1905, ikatiwa katika Mto Gura, milima ya Nyandarua. Baadaye akaletwa ndugu yake mwenye mstari mwekundu ubavuni, ambaye asili yake ni Marekani. Wote wawili hawawezi maji ya vuguvugu wala ya tope.

Wala havuliwi kwa nyungunyungu, kama wafanyavyo watoto mabwawani. Chambo chake ni nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya hata ikafanana na mdudu. Nzi hao hutengenezwa kwa mikono hapa Kenya, na wengi huuzwa Ulaya na Marekani; bila shaka wako mafundi waliowafunga maelfu na hawajapata kumwona trauti hata mmoja. Nzi hana uzito. Uzito uko katika kamba. Kwa hiyo mvuvi huirusha kamba nyuma, huingoja inyooke, ndipo huipeleka mbele. Asiyengoja huyachapa maji kama apigaye ng'ombe, na samaki wote hukimbia.

Karani hakungoja. Asubuhi nzima aliyachapa maji, na mara tatu ndoana yake ilinasa katika mti nyuma yake. Mzee alikuwa ameketi juu ya jiwe, amejifunika koti, kimya. Mwisho akasema, "Mwanangu, samaki huelekea maji yatokako, maana chakula chake huletwa na mkondo. Wewe umesimama mbele ya macho yake. Shuka, umwendee kwa nyuma."

Wote wakamtazama. Ndipo alipoeleza kwamba mwaka 1961, baada ya Hali ya Hatari kwisha na msitu kufunguliwa, alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, akiwachukulia Wazungu mifuko yao ya samaki katika mto huu huu. Kwa misimu miwili alifuata nyuma yao, akajua kila jiwe alaliapo samaki.

"Siku hizo tuliwapata hata kule chini darajani," akasema. "Sasa mashamba yamefika ukingoni, mabomba ni mengi, na maji ya kule yamepungua na kupata joto. Samaki wamepanda juu."

"Na wewe, Babu, ulivua wangapi?" akauliza mjukuu wake.

"Ufito sikupewa kuushika hata siku moja."

Karani alitoka majini, akampa baba yake ule ufito kwa mikono miwili.

Mrusho wa kwanza ulikuwa mbaya, na wa pili haukuwa bora. Katika wa tatu mzee aliingoja kamba, midomo yake ikicheza kama mtu anayehesabu, na nzi akatua nyuma ya jiwe jeusi. Maji yakapasuka. Aliyetoka alikuwa trauti mdogo, hapati urefu wa kiganja, mwenye ule mstari mwekundu. Mzee alilowesha mkono kwanza, kwa kuwa mkono mkavu humvua samaki ule utelezi unaomkinga na maradhi, akamfungua ndoana, akamwachia. Binti mdogo alilia, maana alikuwa amekwisha kuandaa kikaango.

Saa kumi manyunyu yakaanza, na mke wa karani akawaita kunywa chai. Watoto walikimbia. Mzee alikuwa bado ndani ya maji, suruali imelowa hata magotini, akilitazama jiwe jingine lililokuwa juu kidogo.